Darasa la Piano la Watoto Wadogo, Chumbageni: Tathmini ya Mzazi

Wazazi wa Tanga wanaoniuliza kuhusu darasa la piano la Jumamosi pale Chumbageni huanza na swali lile lile: mtoto atajua kupiga? Mwanangu wa miaka mitano amekuwa akihudhuria tangu mwaka jana, na jibu langu ni kwamba atajua kusikiliza, kushika mapigo na kupiga pamoja na wenzake bila kuwapita wala kuachwa nyuma, lakini mikono yake haitapata uangalizi ambao mwalimu wa mtoto mmoja angeupa. Mzazi anayelipia darasa hili akidhani amepata somo la binafsi kwa bei nafuu ataanza kulalamika kabla ya muhula kwisha. Mimi nimeridhika nalo kwa kiasi kikubwa, na pale ambapo sikuridhika nitasema.

Darasa hukutana kila Jumamosi katika chumba cha ghorofa ya kwanza, watoto wa miaka minne hadi sita saa tatu asubuhi na wa miaka saba hadi tisa saa nne. Kipindi ni dakika 45. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na anayejiandikisha hulipa shilingi 20,000 zaidi, ambazo ndani yake mna kitabu cha mtoto. Mzazi au mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka sita analazimika kukaa nyuma ya kiti cha mtoto wake tangu mwanzo hadi mwisho, na sharti hili si la mapambo: mzazi aliyemwacha mtoto mlangoni na kwenda zake Mgandini sokoni alipigiwa simu arudi. Wapo walioudhika. Naona mwalimu yuko sahihi, kwa sababu kazi ya wiki nzima hufanyika nyumbani, na mtoto wa miaka mitano hawezi kumweleza mama yake alichoelekezwa. Mama asipokiona kwa macho yake, kimepotea.

Sehemu bora ya darasa ni robo saa ya kwanza, ambayo hakuna anayegusa kinanda. Watoto huamkia, huvua viatu na kukaa duara juu ya mkeka, kisha mwalimu huanza kupiga makofi bila kusema neno, nao humfuatisha. Majina ya mapigo ameyachukua hapa hapa kwetu: “du” ni pigo moja kamili, “dufu” ni mapigo mawili ya nusu yanayokaa ndani ya pigo moja, na pigo la kimya ni kidole mdomoni. Mtoto akisema “du, du, dufu, du” huku anapiga makofi, ameshasoma mstari mzima wa muziki kabla ya kuonyeshwa noti hata moja. Watoto wanaotoka madrasa, ambao wameshasikia dufu kwenye maulidi na kasida tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, huonekana dhahiri katika zoezi hili. Yupo mvulana mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye hajawahi kuyumba kwenye mapigo tangu siku aliyoingia, na wenzake wakubwa wamezoea kumtazama yeye badala ya mwalimu pale wanapopotea.

Baada ya mapigo huja kuimba kwa solfa, yaani kuziita sauti kwa majina ya do, re, mi, pamoja na ishara za mkono. “Do” ni ngumi mbele ya tumbo, “mi” ni kiganja kilicholala, “sol” ni kiganja kilichosimama mbele ya kifua, na mkono hupanda kadiri sauti inavyopanda. Mwalimu huanza na sol na mi pekee, sauti mbili ambazo watoto huzitoa bila kufundishwa wanapoitana uwanjani, na huzikalia kwa wiki kadhaa kabla ya kuongeza sauti ya “la”. Njia hii ya solfa ilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ikaja kwetu kupitia shule na makanisa, na mpaka leo kwaya nyingi za Tanzania zinajifunza nyimbo kwa herufi za d, r, m, f, s. Ndiyo maana akina mama wa kwaya walioketi nyuma huimba kwa kujiamini kuliko watoto, na mara moja mwalimu alilazimika kuwaomba kwa adabu wapunguze sauti ili awasikie wanafunzi wake.

Mambo haya hayakubuniwa Tanga. Kampuni ya Yamaha ilianzisha madarasa ya kundi kwa watoto wadogo huko Japani mwaka 1954, kwa mpangilio unaofanana sana na huu: mzazi anakaa na mtoto, sikio linatangulia, kuimba kunakuja kabla ya kupiga, na kupiga pamoja kunakuja kabla ya kupiga peke yako. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa na mtoto wa umri huo. Vidole vyake bado ni dhaifu, macho yake hayajazoea kufuata mstari, na hawezi kutulia kitini kwa zaidi ya dakika chache, ilhali sikio lake liko tayari kupokea kila kitu. Mwalimu anayekazania vidole pekee katika umri huo anapigana na mwili wa mtoto.

Wanapohamia kwenye vinanda, mambo huwa ya polepole na yenye utaratibu. Mtoto hufundishwa kwanza kutazama vibonye vyeusi, ambavyo vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, kisha hutafuta do kwa kujua kwamba ni kibonye cheupe kilicho kushoto mwa vile viwili. Vidole vinapewa namba, gumba likiwa 1 na kidole cha mwisho 5 katika mikono yote miwili, na hapo ndipo vurugu inapoanza, kwa sababu mkono wa kushoto unahesabika kinyumenyume na watoto wengi huona wameonewa. Mwalimu aliandika namba kwa kalamu kwenye kucha zao. Utaratibu huo uliishia wiki ya Idi, wasichana walipokuja na hina mpya hadi kwenye kucha na mama zao wakakataa katakata isichafuliwe kwa wino, na tangu hapo anatumia vipande vidogo vya karatasi yenye gundi, ambavyo hubandukia kwenye vibonye na kuokotwa baada ya kipindi.

Kupiga kwa pamoja ndiko kunakonifanya nilitetee darasa hili. Kundi moja hushikilia do kwa mkono wa kushoto, la pili hupiga wimbo wenyewe kwa vidole vitano bila kuhamisha mkono, la tatu hubaki na “du” na “dufu” mapajani. Mtoto aliyezoea kupiga nyumbani peke yake, kwa kasi anayoipenda, hugundua ndani ya mistari miwili kwamba amefika mwisho akiwa mwenyewe. Mwalimu hamkemei, humwonyesha kwa kidole asubiri, na mtoto hukaa akisikiliza mpaka wimbo uzunguke tena mahali anapoweza kuingia. Nimewaona watoto wa miaka mitano wakikaa hivyo, mkono juu ya vibonye, midomo ikihesabu, na kuingia papo hapo panapotakiwa. Mwalimu wa binafsi, hata awe hodari kiasi gani, hana namna ya kumpa mtoto jambo hilo kwa sababu hana watoto wengine wa kumpa.

Sasa nije kwenye vyombo, ambako lawama zangu ni nyingi. Darasa lina vinanda vya umeme vinane, vyote vya vibonye 61, yaani oktava tano (oktava ni ngazi ya sauti kutoka do moja hadi do inayofuata), wakati piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Upungufu huo haumdhuru mtoto mdogo, kwa kuwa kwa miaka yake ya mwanzo hatoki nje ya oktava mbili za katikati. Kinachodhuru ni kwamba vinanda vitano kati ya hivyo havitambui nguvu ya kidole: ukibonyeza kwa upole au kwa kishindo, sauti ni ile ile. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyetengeneza piano ya kwanza mnamo mwaka 1700, alihangaika kupata hasa kitu hicho, kinanda ambacho mpigaji anaweza kuongeza na kupunguza sauti kwa kidole chake, kwa sababu harpsichord, kinanda cha nyuzi kilichokuwa kikitumika sana wakati huo, hakikumpa nafasi hiyo. Mtoto anayekaa mwaka mzima kwenye kinanda kisichotambua mguso huzoea kulalia vibonye kwa vidole vilivyonyooka, na kuondoa tabia hiyo baadaye ni kazi. Vinanda vitatu vilivyo bora hugombewa. Mwalimu anadai kuna zamu, ila zamu hiyo hufuatwa siku ambazo wazazi wanaikumbusha.

Kinanda cha kona ya dirishani kina kibonye kimoja kilichokufa, fa ya juu ya do ya kati, na kimekaa hivyo muhula mzima. Mtoto aliyepangiwa hapo alinyoosha mkono na kusema, “Mwalimu, hiki hakisemi,” akaambiwa aimbe sauti hiyo kwa mdomo kila akiifikia. Kama mbinu ya kufundisha sikio, ilikuwa nzuri kuliko alivyokusudia mwalimu mwenyewe, kwa maana yule binti sasa anaipata fa barabara bila msaada. Kama huduma ya kulipiwa shilingi 60,000, haifai.

Piano ya mbao iliyoegemea ukuta wa nyuma inastahili maelezo ya kutosha, kwa kuwa wazazi wengi huvutiwa nayo wanapokuja kuangalia chumba. Ni chombo kizuri kwa macho. Kwa masikio, sauti zake ziko chini ya zile za vinanda vya umeme kwa kiasi ambacho hata asiye mwanamuziki hukisikia, hivyo haiwezi kupigwa pamoja navyo, na mtoto ambaye sikio lake limefundishwa vizuri kwenye mkeka hukunja uso zinapopigwa kwa pamoja. Ukweli ni kwamba pwani si rafiki wa piano. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200 zilizovutwa kwa nguvu juu ya ubao mpana wa sauti, na ubao huo hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika, ukavimba na kuzisukuma nyuzi, kisha hukauka na kulegea upepo unapobadilika. Sauti nazo hupanda na kushuka kwa kufuata ubao, tena si kwa usawa. Manyoya yaliyoshindiliwa kwenye nyundo na chini ya vibonye huvimba vilevile, ndipo kibonye kikibonyezwa hukawia kurudi juu. Chumvi ya hewa ya bahari huongeza kutu. Piano ya nyumbani hushauriwa kupigwa tyuni, yaani kurekebishwa sauti, angalau mara mbili kwa mwaka, na kwa mji wa bahari kama wetu hata hiyo haitoshi. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa fundi hutoka Dar es Salaam na gharama yake na nauli ni kubwa. Nakubali ni kubwa. Basi isitajwe kwenye tangazo la darasa kana kwamba watoto wanajifunza juu yake.

Umeme ukikatika, vinanda viwili tu ndivyo vyenye betri, na chumba hugeuka tanuri feni zinaposimama. Mwalimu hurudi kwenye mkeka na kuendelea kwa mdomo na makofi, na kusema kweli vipindi hivyo vya bila umeme vimekuwa miongoni mwa bora zaidi.

Idadi ya watoto ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Tulipojiandikisha tuliambiwa kila mtoto atakuwa na kinanda chake, yaani watoto wanane kwa vinanda vinane. Katikati ya muhula walipokelewa wengine bila wazazi kuarifiwa, na watoto wakaanza kuketi wawili wawili, mmoja upande wa sauti za chini na mwingine upande wa juu. Kwa nyimbo za kupokezana mpango huu unakubalika. Kwa kujifunza kukaa ni balaa, kwa sababu mtoto anayetakiwa kuwa na kiwiko kilicholingana na vibonye na mabega yaliyolegea amebanwa kiti kimoja na mwenzake, na mkono mmoja unaingia kwa pembeni. Tulipolalamika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, jibu lilichelewa, lakini hatua ilichukuliwa: kikundi cha wadogo kiligawanywa na kipindi cha pili kikaanzishwa mchana. Wazazi wapya waulize kwanza idadi ya watoto na idadi ya vinanda vinavyofanya kazi, kisha ndipo wajadili ada.

Kuhusu nyimbo zinazofundishwa nina dukuduku. Kitabu kimetoka nje, na nyimbo zake nyingi ni za theluji, kengele na mashamba ya Ulaya, zinaimbwa na watoto ambao barafu wanaijua kutoka kwenye friji ya dukani. Hazina ubaya wowote kimuziki. Zimechaguliwa kwa sababu zinatosha ndani ya vidole vitano. Lakini mji huu ndio uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ndio uliokuwa makao ya Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu ya Tanga magitaa na mwendo wa kuchezeka, na ingekuwa ajabu kama hapakuwa na lolote la kumfundishia mtoto kutoka humo. Taarabu ya mtindo wa Kimisri ina sauti ambazo piano haiwezi kuzitoa, zile zinazokaa katikati ya kibonye cheupe na cheusi, lakini taarabu ya magitaa haina tatizo hilo na nyimbo zake nyingi zingepunguzwa zikatosha kwenye mkono wa mtoto. Mwalimu mwenyewe analijua hilo. Siku moja, akisubiri watoto wamalize kuvaa viatu, alipiga kitangulizi cha wimbo wa zamani wa taarabu kwa mkono mmoja, na wazazi wote waliokuwa wakichezea simu walinyanyua vichwa. Nilimwomba akiweke kwenye mafunzo. Alicheka akasema atafikiria, na bado anafikiria.

Wapo wanaolinganisha darasa hili na walimu wa nyumbani, ambao kwa hapa Tanga ni wachache na wengi wao ni wapiga vinanda wa makanisa. Mwalimu wa aina hiyo atamshika mtoto kifundo cha mkono, ataona kidole cha tano kilicholala, atasimamisha wimbo kwa kosa moja dogo na kulirudia hadi liishe. Mtoto wa miaka minane anayetaka kufuata mitihani ya muziki ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, ambayo ina madaraja 8, anamhitaji mwalimu huyo na darasa la kundi halitamfikisha huko. Mtoto wa miaka minne au mitano, kwa maoni yangu, hamhitaji bado. Nimeona jirani yangu akimlipia mwanawe somo la binafsi akiwa na umri huo, na nusu ya saa iliishia kwenye kubembeleza.

Nyumbani si lazima kununua chombo siku ya kwanza, ila ifikapo mwezi wa pili mtoto asiye na pa kufanyia mazoezi huachwa nyuma na wenzake, naye hulijua hilo kabla ya mzazi wake. Kinanda kilichotumika cha vibonye 61 kinatosha, mradi kinatambua mguso. Kijaribiwe dukani kwa kubonyeza kibonye kimoja polepole kisha kwa nguvu, na muuzaji anayesema tofauti itasikika nyumbani aachwe na mali yake. Dakika kumi kila siku zinazidi saa nzima ya Ijumaa usiku. Jambo ambalo wengi hulisahau ni miguu: mtoto ambaye miguu yake inaning’inia hukaza mgongo na mabega ili asianguke, na mikono yake haiwezi kulegea. Kwangu tunaweka mbuzi ya kukunia nazi chini ya miguu yake, ulimi wake ukiwa umegeuziwa ukutani na kufungwa kitambaa, na urefu wake umelingana kana kwamba ilichongwa kwa kazi hiyo. Siku za wali wa nazi mazoezi husubiri.

Onyesho la mwisho wa muhula lilikuwa la kupendeza na lilikula muda mwingi kupita kiasi. Kwa wiki kadhaa watoto walirudia nyimbo mbili zile zile mpaka wakazipiga kwa mazoea ya vidole bila kusikiliza, na mkeka ukawekwa kando. Ningependa onyesho lifanywe chumbani, mbele ya wazazi wale wale, bila sare na bila kukodi spika.

Mwanangu ataendelea mpaka afikishe miaka saba, kisha nitamtafutia mwalimu wa peke yake na kuomba abaki kwenye kundi la Jumamosi kwa ajili ya kupiga na wenzake, kama watakubali alipie nusu. Muhula mpya huanza shule zinapofunguliwa Julai. Mwalimu huruhusu mzazi kukaa nyuma kipindi kimoja bila malipo kabla ya kuandikisha. Aombe kikundi cha saa tatu, na akae karibu na kinanda cha dirishani aone kama fa imeshatengenezwa.